Dahab: Bahari Inapoanzia Mlangoni



Wasomaji wetu watukufu, upande wa mashariki wa jangwa la Sinai, ukingoni mwa Ghuba ya Aqaba, upo mji mdogo uitwao Dahab. Jina hilo ni la Kiarabu, na neno hilohilo ndilo lililotupa sisi Waswahili dhahabu. Zamani palikuwa kijiji cha Mabedui wavuvi. Leo hufikiwa na wageni wa kila taifa, na wengi wao wana haja moja: kuzamia kwa mitungi ya hewa, wakiingia baharini kwa miguu yao wenyewe, pasi na kupanda chombo.

Mimi na mama watoto tulipelekwa huko na binti yetu, mwenye umri wa miaka 21, ambaye ni mwanafunzi mjini Cairo. Alituarifu kwamba amehitimu mafunzo ya uzamiaji na kupewa cheti cha daraja la kwanza. Mama yake alimpoteza kaka yake baharini angali msichana, na usiku ule hakupata usingizi. Alitaka binti akatazwe siku ileile. Mimi niliona kwamba katazo lisilotanguliwa na ujuzi huzaa siri baina ya mtoto na wazazi wake. Tukaafikiana twende tukaone kwanza, kisha neno la mwisho liwe la mama.

Kutoka Cairo basi hupita chini ya Mfereji wa Suez kwa njia ya handaki, kisha huikata Sinai kwa saa nyingi, likisimama mara kwa mara askari wakague vitambulisho. Mtu huona mawe na mchanga hata macho yakachoka. Halafu milima hufunguka ghafla, na Bahari ya Sham hutokeza, samawati iliyokoza, na ng'ambo yake milima ya Saudia.

Anayetoka pwani yetu hushangazwa na jinsi bahari ile ilivyo. Kwetu mwamba uko mbali na ufuo, na maji yakitoka wakati wa bamvua, kina mama huweza kutembea mwendo mrefu wakitafuta pweza. Ndiyo maana wazamiaji wetu aghalabu huchukuliwa kwa mashua. Dahab maji hupanda na kushuka kidogo tu, na matumbawe yameshikamana na nchi kavu. Hatua chache kutoka barazani, sakafu ya bahari huporomoka. Mzazi aweza kuketi ukingoni na kuona mahali hasa mwanawe alipozama na atakapoibukia.

Asubuhi ya kwanza tulikwenda mahali paitwapo Lighthouse, ndani ya ghuba ya mji, ambapo wanagenzi wengi hufunzwa. Mwalimu wake alikuwa mwanamke wa Kimisri, mpole wa maneno na mkali wa kanuni. Kuhusu sitara, ambayo najua baadhi yenu mmekwisha kuiuliza moyoni, binti alivaa vazi zito la mpira kutoka shingoni hadi vifundoni, juu yake kanzu fupi ya kuogelea, na kichwani kofia ya mpira iliyofunika nywele zote.

Kabla ya kugusa maji, kila mmoja alimkagua mwenzake: jaketi ya kuelea, mkanda wa risasi, vifungo, hewa. Mama yake akasogea karibu na kuuliza kila kifaa kina kazi gani. Mwalimu akamfafanulia bila haraka. Mzamiaji hazami peke yake. Hazuii pumzi kamwe, kwa sababu uzito wa maji huibana hewa. Katika kina cha mita 10 hewa husongwa ikawa nusu ya ujazo wake, na mtu akipanda ameifunga kifuani, hutanuka na kuweza kulipasua pafu. Kupanda ni polepole, na kwenye mita 5 husimama dakika tatu ili mwili utoe naitrojeni iliyoingia katika damu. Sisi husema haraka haraka haina baraka; kwa mzamiaji, haraka yaweza kumwacha kiwete au maiti.

Wakaingia. Nami nilivaa miwani ya maji nikaelea juu yao, nikifuata mapovu. Niliwaona pono wakitafuna mwamba, na vitatange wawili wawili wakipita kama mabwana harusi. Kasoro mita chache chini yangu, binti alisimama, akashika pua. Masikio yalikataa kuzibuka. Hakulazimisha. Akampa mwalimu ishara, akapanda kidogo, akapuliza taratibu, akajaribu tena, na mara ya tatu yakamtii. Mtoto yule nyumbani hungoja chai ipoe kwa manung'uniko. Kule chini niliona subira ambayo sikuwa nimewahi kuiona kwake.

Mtihani wenyewe ulikuja siku ya pili. Kilomita chache kaskazini ya mji kuna shimo la baharini liitwalo Blue Hole, lenye kina cha takriban mita 100. Ndani yake, zaidi ya mita 50 chini, mna tao linalotokea bahari kuu, na wengi waliotaka kulipita hawakurudi. Kwenye jabali la ufukoni pamebandikwa vibao vya majina yao. Mama watoto alivisoma kimoja baada ya kingine, vile vya vijana kwanza, kisha akaketi bila kusema neno.

Pale tulikutana na wanafunzi wenzake binti, na kiongozi wao, kijana mchangamfu. Akamkaribisha wazamie pamoja kupitia upenyo wa mwambani uitwao Bells, unaomshusha mtu hadi mita 26 au zaidi. Cheti cha binti kinakomea mita 18. "Mita nane ni kitu gani?" akasema kiongozi, na wenzake wakacheka. Walikuwa wamekwisha kumlipia.

Mama yake alinitazama ili niseme. Nilinyamaza, kwani nilitaka kusikia jibu la mwenye roho yake. Binti akasema kwa adabu, "Samahani, kaka, sijasomea kina hicho. Nendeni salama, nitawangoja." Akaja kuketi ubavuni mwa mama yake huku machozi yakimlengalenga, maana aibu mbele ya marafiki si jambo dogo katika umri ule. Wenzake walirejea salama, alhamdulillahi, na mmoja akamtania tena. Hakujibu.

Mama yake ndiye aliyejibu, si kwao bali kwake. Alimwambia, "Mjomba wako alikuwa hodari kuliko wote kijijini. Siku ile aliambiwa bahari imechafuka, akaona haya kurudi." Sikuwahi kuyasikia maneno hayo katika miaka yote ya ndoa yetu. Kisha akamruhusu kuendelea, kwa sharti la kumpigia simu kabla ya kila mzamio na baada yake.

Enyi wazazi, watoto wetu watazamia katika mambo tusiyoyajua, ya maji na yasiyo ya maji. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, basi tusiwatume wala tusiwazuie kwa kubahatisha. Tuulize nani anawafunza, vifaa vimekaguliwa na nani, na mpaka wao uko wapi. Tuwazoeze tangu wadogo kusema "hapa ndipo nikomeapo" pasipo kuona haya, na wakisema hivyo, tuwe karibu nao. Roho ni amana, na mwenye kuilinda hakupungukiwa na ushujaa.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu, barani na baharini. Amin.