Yusta, kinu kinakutosha

Kasulu

Mpendwa Yusta,

Hapa nyumbani tu wazima. Baba yako amemaliza kupura maharage, na mipapai ya nyuma ya jiko imebeba hadi tumeiwekea miti ya kuiegemeza.

Ujumbe wako nimeupata. Umeiona kwenye simu saladi ya Kithai ya papai bichi, sasa unataka kuagiza sosi yake Dar es Salaam kwa mshahara wako wa kwanza. Ngoja kwanza, unisikilize shangazi yako. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipomiminika kambi ya Nyarugusu, nilikuwa nawapikia wafanyakazi wa misaada hapa Kasulu. Alikuwepo mama mmoja kutoka kaskazini mashariki mwa Thailand, ambako saladi hiyo ni chakula cha kila siku. Tulikwenda naye sokoni, akachagua papai la kijani, ndimu, karanga na dagaa, kisha akaniomba kinu. Kwao hutia uduvi mkavu. Sisi tuna dagaa wa Tanganyika. Kwao hutia sukari ya mnazi au ya mvumo. Wewe uko Kibondo, penye asali ya miombo. Chumvi ya Uvinza ipo. Hata papai na pilipili asili yake ni Amerika, wao walivipokea kama sisi tulivyovipokea. Basi usijione mgeni mbele ya sahani hiyo.

Fanya hivi. Menya papai gumu, ondoa mbegu, lioshe utomvu, ulikate nyuzi nyembamba. Dagaa watoe vichwa, waoshe, uwakaange bila mafuta hadi wakauke kabisa. Kwenye kinu anza na kitunguu swaumu na pilipili, kisha maharage machanga yaliyochemshwa, nyanya na karanga za kukaanga. Tia asali, ndimu, chumvi na dagaa, papai liwe la mwisho. Hapo mkono uwe mwepesi: ponda huku ukigeuza kwa mwiko, usitwange kama majani ya sombe, maana papai likilainika limeharibika. Onja. Uchachu, utamu, chumvi na ukali visikike vyote, kimoja kisimeze kingine. Ile papo hapo, haingoji kesho.

Sasa sikiliza haya, wala sitaki ubishi. Kisichopita motoni huoshwa mara mbili, kwa maji yaliyochemshwa, na mikono yako vilevile. Karanga zenye ukungu au zilizosinyaa tupa, usizionee huruma. Kukaanga hakumalizi sumukuvu. Na wifi yako, kwa kuwa ni mjamzito, asiguse papai bichi, utomvu wake unaweza kuamsha uchungu kabla ya wakati. Yeye mtengenezee ya matango.

Ukila na ugali, ukaweka na samaki wa kuchoma, umekula mlo kamili bila kumaliza pesa. Mshahara wa kwanza una kazi yake: lipa kodi, weka akiba, mkumbuke bibi yako. Kupenda vya wenzetu si kosa, mwanangu, mradi ukivipenda usivisahau vilivyo mlangoni pako.

Jumamosi tengeneza, uwaite na wapangaji wenzako. Kisha uniandikie ulichozidisha na ulichopunguza, nami nitakuelekeza.

Akupendaye,
Shangazi yako