Antena Zilizotazama Unguja

Vijana ninaofanya nao kazi hawaniamini ninapowaambia kwamba Unguja ilikuwa na televisheni ya rangi wakati Afrika Kusini, pamoja na dhahabu yake yote, haina televisheni ya aina yoyote. Mmoja wao alitoa simu akaanza kupekua, nami nikamwacha. Akakuta kwamba Afrika Kusini ilianza rasmi Januari 1976, kwamba Kenya ilikuwa nayo tangu 1962 lakini rangi ikaipata 1978, na kwamba Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Sisi Wazanzibari, zilipofika sherehe za miaka kumi ya Mapinduzi, Januari 1974, Televisheni Zanzibar ilikuwa imeshawaka. "Sasa mzee, ilikuwaje mkaachwa?" akaniuliza. Sikumjibu pale pale, maana jibu lake ni refu kuliko mapumziko ya chai.

Televisheni ilikuwa ndoto ya Mzee Karume, rais wetu wa kwanza. Yeye mwenyewe hakuiona. Aliuawa Aprili 7, 1972, kazi ikamalizikia mikononi mwa mrithi wake, Aboud Jumbe. Fedha zilikuwepo kwa kuwa karafuu ilikuwa na bei, na Indonesia ilikuwa mnunuzi mkubwa, ikiitia kwenye sigara zake. Lakini asije mtu akadhani tuliishi kitajiri. Miaka hiyo hiyo mchele na sukari tulivipangia foleni, na mama zetu walipika muhogo kwa kila namna ambayo muhogo unapikika. Nimewasikia watu wazima wakilumbana barazani mpaka usiku juu ya serikali iliyoleta picha za rangi kabla ya kuleta unga. Hoja yao ilikuwa na uzito, na leo naiona vizuri zaidi kuliko nilivyoiona nikiwa na miaka tisa. Wakati ule mimi nilikuwa upande wa picha.

Watu wa kununua seti yao wenyewe walikuwa wachache, kwa hiyo serikali iliweka televisheni za umma, mjini na mashamba, watu wakaangalie pamoja. Ya mtaani kwetu ilikaa ndani ya kabati la mbao lenye milango miwili na kufuli. Mshika ufunguo alikuwa bwana mmoja mwembamba, aliyekuja baada ya sala ya magharibi kwa mwendo wa mtu anayejua kwamba anasubiriwa. Akifika hafungui. Kwanza atatupanga: watoto chini mbele, wanawake upande wa kushoto na mikeka yao, wanaume nyuma wakiwa wamesimama au na viti walivyobeba kutoka majumbani. Ndipo atatoa ufunguo, atafungua mlango mmoja, atapangusa kioo kwa kitambaa alichokitunza kwa kazi hiyo tu, kisha mlango wa pili. Alipobonyeza kidude, kioo kilichukua muda kupata moto, na sisi tulikuwa tunaangalia giza lake kwa makini kama kwamba nalo ni kipindi. Ikaja mistari ya rangi iliyosimama wima, na mlio mmoja usiobadilika. Wapo watoto waliokuwa wakishangilia mistari.

Matangazo yalikuwa ya jioni tu. Yalifunguliwa kwa Qur'ani, ikafuata habari, hotuba, katuni usiku wa bahati, na taarabu. Kuhusu taarabu lazima nikae kidogo. Radio tulikuwa nayo tangu Sauti ya Unguja ya 1951, na waimbaji wetu tuliwajua kwa sauti; kila mtu alikuwa amejitengenezea sura zao kichwani. Sasa wakawa wanaonekana. Mpiga fidla niliyemdhania pande la mtu akatokea kijana mwenye miwani. Bibi yangu, aliyekuwa mshabiki wa Nadi Ikhwani Safaa tangu usichana wake, alikasirika mara ya kwanza alipowaona: kwake taarabu ilikuwa ya kusikilizwa umelala, taa imepunguzwa, na hapa kuna mtu anakulazimisha umtazame meno. Wiki iliyofuata alikuwa wa kwanza mkekani. Baada ya hapo mafundi cherehani wa Ng'ambo walipata kazi, maana wanawake walikuja na maelezo kamili ya mshono na rangi ya gauni walilomwona nalo mwimbaji jana yake, na hilo radio isingeweza kulifanya.

Studio zilikuwa mjini na mnara uko Masingini, mwinuko ambao kwa mtu wa bara si mlima wa kutaja. Ila kwa televisheni ya zamani mwinuko mdogo ukitazama bahari unatosha sana. Mawimbi yale yalisafiri kwa mstari, hayapendi milima wala majumba marefu. Na kati ya Unguja na Dar es Salaam, kilomita zipatazo sabini, hakuna kitu isipokuwa maji. Stesheni ilijengwa kwa ajili ya visiwa. Pwani ya bara haikuwa kwenye hesabu, lakini wimbi halina pasipoti.

Nilikuja kulielewa hilo nilipohamia Dar katikati ya miaka ya themanini. Bara haikuwa na stesheni hata moja. Mwalimu Nyerere aliiona televisheni kuwa anasa ambayo nchi maskini inaweza kungoja, na ukizikumbuka foleni zetu za mchele huwezi kusema hakuwa na sababu. Lakini ukipanda ghorofa yoyote ya Kariakoo ukatazama mapaa ya mji, utaona msitu wa antena, na zote zimeelekeza pua upande mmoja, kaskazini, Unguja. Nilicheka peke yangu siku ya kwanza. Mji mkubwa kuliko yote nchini ulikuwa unachungulia dirishani kwa jirani yake mdogo.

Nilipanga chumba Ilala, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, kwa mzee mwenye seti iliyoletwa na baharia. Ami yangu alikuwa fundi wa mambo haya, akaja kutufungia antena. Vipande vya alumini alivikata mwenyewe kwa kipimo alichokijua kichwani, akavipanga juu ya fimbo moja kuanzia kirefu kwenda kifupi, fimbo akaifunga kwenye bomba la maji la futi ishirini, na waya bapa ukateremka kupitia dirishani hadi sebuleni. Kazi ngumu ilikuwa kuielekeza. Yeye juu ya bati, mimi mlangoni, mwenye nyumba mbele ya kioo, maneno yakipita kwangu.

"Bado?"

"Sauti ipo, picha hamna!"

"Sasa je?"

"Umepita, ami, rudi! Rudi kidogo! Hapo! Usiguse tena!"

Ukiiachia antena inaondoka na upepo, tunaanza upya. Chumvi ya bahari ilikula viungo vyake, kila mwaka ikabidi ami arudi na bisibisi na malalamiko. Masika picha ilijaa chenga. Lakini vipindi vya tanga mbili, bahari imelala na joto limekaa, Unguja iliingia sebuleni safi utadhani mnara uko Buguruni. Mafundi wa mawimbi wana maelezo yake: hewa ya joto ikikaa juu ya hewa baridi ya baharini huyapinda mawimbi yakafika mbali kuliko kawaida. Ami alisema tu, "Leo bahari imekubali."

Nyumba ilijaa. Waliokosa nafasi ndani walisimama dirishani. Kilichonifurahisha zaidi kilikuwa habari, kwa sababu hazikuwahusu watazamaji wale kabisa. Bei ya karafuu kwa daraja, maji ya Bububu, mkutano wa walimu Pemba, skuli iliyoezuliwa na upepo Makunduchi. Na watu wa Ilala, wengi wao hawajawahi kuvuka, wanafuatilia kama mambo ya mtaa wao. Mzee mmoja wa Kichaga aliyekuwa na duka mkabala nasi aliwajua mawaziri wa Zanzibar kwa majina na kwa tabia, na nina hakika asingeweza kumtaja mkuu wa mkoa wake mwenyewe. Alikuwa akinipa pole kwa matatizo ya Unguja ambayo mimi, mwenyeji, sijayasikia. Stesheni ya mtaa nzuri haijikunjui ili impendeze mgeni. Ile ilizungumza na watu wake, na labda ndiyo maana mgeni alikaa.

Kisha sheria ya utangazaji ya 1993 ikafungua mlango, na mwaka uliofuata Dar ikapata ITV, DTV na CTN kwa mpigo. Hapa ndipo lilipo jibu la swali la yule kijana. Antena za Ilala ziliachwa zikielekea popote, kwa kuwa picha mpya iliingia hata kwa kipande cha waya. Na upande wa pili wa maji likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitabiri: mapaa ya Unguja yakageuka. Dada yangu alinipigia simu niwapelekee busta, waipate Dar bila chenga. Filamu, mpira wa Ulaya, matangazo ya sabuni, watangazaji vijana wanaocheka hewani. Kwa miaka ishirini bara ilikuwa imetazama kisiwa. Kwa miezi michache tu mtazamo ukapinduka.

Siasa nayo ilichangia. Vyama vingi vilirudi 1992, na uchaguzi wa 1995, kama wa 2000, ulikuwa mchungu Zanzibar. Waangalizi waliandika katika ripoti zao kwamba vyombo vya umma viliegemea chama tawala, na waliokuwa wakiangalia hawakuhitaji ripoti. Katika familia yetu, yenye watu wa kila upande, saa ya habari ikawa saa ya kuosha vyombo. Wakitaka kujua kilichotokea walifungua radio, BBC, sauti chini. Taarabu ikianza, wote wanarudi kukaa. Nadhani stesheni nyingi za serikali zimeishi hivyo Afrika nzima, zikipendwa kwa ngoma na kukwepwa kwa habari.

Na ukawepo umeme. Tangu 1980 Unguja hupata umeme wake kwa waya unaopita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mei 21, 2008 kisiwa kizima kilizimika, giza la karibu mwezi mmoja. Desemba 2009 kikazimika tena, mara hii miezi mitatu hadi Machi. Nilikwenda wakati wa giza la pili. Seti ya dada yangu ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono, na juu yake simu tano zikisubiri kupelekwa kwa mwenye jenereta zichajiwe, kila moja na jina la mwenyewe kwenye kikaratasi. Nilipouliza wanapataje habari, alinionyesha simu.

Usiku wa Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam. Kuanzia hapo, bila king'amuzi, hakuna picha, na antena za ami zilizobakia juu ya mapaa zikawa vyuma chakavu, zile ambazo wauza vyuma hawajazifikia. Mwaka uliofuata televisheni na radio ya Zanzibar ziliunganishwa kuwa Shirika la Utangazaji Zanzibar, ZBC, ingawa dada yangu hadi leo husema TVZ na hatasahihishwa na mtu. Sasa ipo ndani ya orodha, namba fulani kati ya mamia, na mtu anaweza kuipita kwa rimoti kila siku pasipo kujua ameipita. Hata kuwemo kwenye orodha si jambo la uhakika: mwaka 2018, kwa mvutano wa leseni kuhusu chaneli ambazo mwananchi hapaswi kulipia, vituo vya ndani viliondolewa kwenye baadhi ya ving'amuzi vya satelaiti, na watu wa mikoani wakajikuta wanaona ligi ya Hispania lakini hawaoni taarifa ya habari ya nyumbani. Ami alikuwa hai bado. Alisema chumvi ya bahari ilikuwa na adabu zaidi.

Sisemi nataka chenga zirudi. Binamu zangu walioko Muscat, ambao zamani habari za Unguja ziliwafikia kwa barua na kwa mgeni, leo wanaifuata ZBC kwa intaneti, na hao tu wanatosha kunifunga mdomo. Ila jambo moja la kale silioni tena. Wimbi lile halikuchelewa. Gwaride la Januari 12 lilipoonyeshwa moja kwa moja kutoka Amaan, mguu uliopigwa chini uwanjani tuliusikia Ilala papo hapo. Sasa picha inabanwa, inapandishwa satelaiti, inateremshwa, inafunguliwa, na njia ya intaneti ndiyo inayokawia zaidi. Katika kundi letu la familia, mwaka mmoja kwenye fainali ya Kombe la Mapinduzi, mpwa wangu aliyekuwa jukwaani Amaan aliandika "GOLI" kwa herufi kubwa. Mimi Dar bado naona mpira wa kurusha. Muscat bado wanaona kipa anafunga kamba za viatu. Binamu akaandika kwa hasira kwamba wa uwanjani wakae kimya mpaka na wengine waone. Mpwa wangu akamjibu kwamba kadi nyekundu nayo inakuja.