Ujira wa Mwenyekiti wa Kijiji

Mwaka 2019, mwezi mmoja baada ya uchaguzi wa Novemba 24, twalikwenda kwa mwenyekiti wetu mpya kutaka barua ya kumtambulisha kijana aliyetafuta kazi mjini. Tulimkuta shambani, jembe mkononi. Akatufuata hata nyumbani kwake, akautoa muhuri kisandukuni, akaandika. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, wino nanunua kwa fedha yangu. Nipe 2,000." Tukampa, wala hatukudai stakabadhi. Hata leo twaona haya, maana tulijua barua ile haina ada, nasi ndio tunaomfundisha mwanawe kusema kweli.

Ndugu wasomaji, tusimhukumu upesi. Mtu huyu huamshwa usiku kwa ajili ya ng'ombe walioingia katika mahindi ya jirani, na asubuhi aendeshe baraza la wajumbe 15 hata 25. Mtendaji aketiye kando yake ni mwajiriwa mwenye mshahara. Yeye, aliyechaguliwa na watu wote, alikuwa na posho tu, nayo ilitegemea mapato ya halmashauri ya wilaya. Miezi mingine haikuja kabisa. Tuliisoma Sheria Na. 7 ya mwaka 1982: yaeleza kazi za serikali ya kijiji, lakini kima cha ujira wa mwenyekiti hatukukiona. Hali amri ya mishahara ya mwaka 2013 ilimwekea hata mtumishi wa nyumbani alalaye kwa bwana wake shilingi 40,000 kwa mwezi.

Mzee mmoja wa kanisa alitupinga: "Mkitia mshahara, mtapata wanaotafuta mshahara." Neno hili ni zito, na siku ile tulinyamaza. Lakini pasipo mshahara tumepata nani? Mwenye duka asiyehitaji kitu, ama maskini auzaye muhuri.

Tena gharama si ndogo. Vijiji vya Tanzania ni zaidi ya 12,000; ukimpa kila mwenyekiti 100,000, ni zaidi ya shilingi 1,200,000,000 kila mwezi. Wilaya maskini haiwezi. Ndiyo sababu twataka sheria itaje kima cha chini, na pungufu lijazwe na hazina ya serikali kuu.

Mwenyekiti wetu hakugombea tena mwaka 2024. Tulipomwuliza sababu, alituonyesha shamba lake, nusu yake magugu.