KITI CHA CHOO CHENYE BOMBA: TUFUNGE AU TUACHE?



Ndugu zangu, kijana mmoja wa huku kwetu Mgeta anayefanya kazi Dar es Salaam ameniuliza swali. Anataka kumfungia baba yake kile kiti cha choo chenye bomba dogo ndani, unazungusha kitasa maji yanaruka na kukusafisha. Ndugu zake wamekataa. Mmoja anasema ni mambo ya kigeni. Mwingine anasema istinjaa bila kutumia mkono haitimii. Na mzee mwenyewe, tangu apate kiharusi mkono wake wa kushoto ukapooza, haji msikitini. Miguu bado inamfikisha. Anaona haya tu, anadhani hatakati.

Hapo usipite haraka, ndugu yangu. Mtu aliyezoea jamaa anaswali peke yake chumbani kwa sababu ya choo, na wanawe wanabishana kuhusu kiti!

Tuanze na huyo wa mambo ya kigeni. Ni kweli, kiti cha aina hii kilichopata umaarufu zaidi, Washlet, kilitolewa na kampuni ya TOTO ya Japani mwaka 1980. Lakini kujisafisha kwa maji hatukufundishwa na Mjapani. Soma Suratut-Tawba aya ya 108, uone Allah anavyowasifu watu wanaopenda kujitakasa. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kwamba alikuwa akimbebea Mtume (s.a.w.) chombo cha maji anapokwenda haja. Bomba ni chombo, kama kopo lako na birika lako.

Ama huyo wa mkono: katika madhehebu yetu ya Shafi'i, kinachotakiwa ni najisi iondoke, yenyewe na alama zake. Kuondoa najisi hakuna sharti la nia, wala sharti la kusugua pale maji yanapoiondoa yenyewe. Nguo yenye najisi ukiisahau kwenye kamba, mvua ya masika ikainyeshea mpaka najisi ikaisha, nguo hiyo imetakata na hakuna mkono wa mtu ulioigusa. Lakini maji yakiruka kidogo tu na uchafu ukabaki, hujafanya kitu, hata kama kiti umekinunua kwa bei ya ng'ombe. Ukipata dhana yenye nguvu kwamba umetakata, inuka. Usikae humo nusu saa ukimpa shetani nafasi ya wasiwasi.

Wengine watauliza: mzee huyu atazungusha kitasa kwa mkono wa kulia, nao umekatazwa katika istinjaa? Kilichokatazwa ni kujisafisha kwa mkono wa kulia. Kufungua bomba si kujisafisha. Na mtu ambaye wa kushoto umepooza, hata akitumia wa kulia wenyewe ana udhuru.

Kwa hiyo jibu langu ni: mfungie, na usichelewe.

Sasa ufundi, maana hapa ndipo pesa zinapopotea. Kiti hicho hakikai juu ya choo cha kuchuchumaa, lazima kwanza ujenge choo cha kukaa. Mwambie fundi asikielekeze kibla wala kukipa mgongo. Ndani ya jengo kuna ruhusa, lakini kuepuka ni bora. Huku kwetu kibla ni kaskazini, basi kitazame mashariki au magharibi. Chagua kisichotumia umeme, kinasukumwa na maji yenyewe. Maji yetu ni ya mserereko: kila mita 10 za kuteremka huleta shinikizo la takriban baa 1. Tangi lililoinuliwa mita 2 tu juu ya kiti litatoa maji ya kudondoka, hayataruka. Weka na chujio, kwa sababu masika maji huja na mchanga na tundu la bomba ni dogo. Na afungue taratibu. Akifungua kwa nguvu najisi itarukia mapaja na nguo.

Mpaka kiti kifike, mkewe amsaidie, hakuna aibu baina yao. Kama hayupo, mwanawe wa kiume avae glovu na ainamishe macho. Na ikitokea hakuna yeyote, mzee aswali kwa kadiri ya uwezo wake. Swala haiachwi.

Wewe mwenye mikono miwili mizima na kopo lako, kiti hiki si lazima kwako, wala hakikuongezei thawabu. Kama una pesa ya ziada, angalia kwanza shimo la choo chako lisivujie kijitoni. Mtume (s.a.w.) amekemea vikali kujisaidia kwenye njia za maji. Mto Mgeta unaingia Ruvu, na maji ya Ruvu wanakunywa Dar es Salaam, akiwemo huyu kijana aliyeuliza.

Wallahu a'alam.