Sabuni Inayochelewa Mezani

Katika nyumba nyingi za Ndara, karibu na Voi, Kenya, mgeni hamegi ugali kabla hajanawa. Mtoto hupita na jagi mkono huu na beseni mkono huu, akianzia kwa wazee, na kila mmoja humiminiwa kwa zamu. Sabuni, ikiwapo, mara nyingi huletwa watu wakishashiba, ili kuondoa mafuta na shombo la samaki.

London mambo ni kinyume. Chooni sabuni haikosekani, maji ya moto yapo, na tangazo ukutani linamhimiza mtu asugue kwa sekunde 20. Saa ya chakula je? Aliyeshuka sasa hivi kwenye treni, akiwa ameshikilia chuma kilichoshikwa na abiria chungu nzima, anafungua sandwichi na kuila hivyo hivyo mbele ya kompyuta. Mtaita aliyelelewa kwa jagi na beseni hukodoa macho, na ana haki. Wala chooni nako Wazungu wasidhaniwe malaika: kura ya maoni iliyofanywa Ulaya mwaka 2015 ilionyesha kuwa ni nusu tu ya Waholanzi waliokuwa na desturi ya kunawa kwa sabuni wakitoka msalani. Bosnia walifika asilimia 96.

Nyumbani wakati ni sahihi, kinachopungua ni sabuni. Vijidudu hushikana na mafuta ya ngozi, na maji matupu hayayang'oi vizuri. Sabuni huyang'oa, tena hupasua utando wa mafuta unaofunika virusi vya korona na vya homa ya mafua. Virusi vya noro, vinavyowatapisha Waingereza kila majira ya baridi, havina utando huo, na sanitaiza haifui dafu mbele yavyo; dawa yake ni kusugua na kusuuza.

Watu wa Voi wana utetezi wao, nao ni mzito. Chemchemi ya Mzima iko Taita Taveta, na bomba lake limepeleka maji Mombasa tangu miaka ya 1950, ilhali mwenyeji bado anahesabu mitungi. Mtungi wa lita 20 una wenyewe: chungu, kikombe, vyombo. Mikono hupewa masazo.

Korona ilipoingia Kenya Machi 2020, ndoo zenye bomba zilijaa milangoni mwa maduka. Huko Bungoma, Stephen Wamukota, mvulana wa miaka 9, aliunda mashine ya mbao ya kunawia inayokanyagwa kwa mguu, na Juni mwaka huo akatunukiwa nishani na Rais. Ugonjwa ulipopoa, ndoo nyingi zikaondoka.

Kuna kifaa rahisi zaidi, kibuyu chirizi: dumu la lita 5 lililotobolewa kwa msumari, likaning'inizwa kwenye mti na kuinamishwa kwa kamba iliyofungwa kwenye kijiti kinachokanyagwa, sabuni ikining'inia kando. Maji hutoka kidogo kidogo, na mkono mchafu haugusi kitu isipokuwa sabuni. Anayerudi Voi kutoka London Desemba asihangaike kujaza sanduku sanitaiza. Dumu, kamba na mche wa sabuni vipo sokoni. Avinunue, avifunge karibu na choo cha wazazi wake, kisha aweke sabuni nyingine mezani kabla ya chakula kupakuliwa.