Jagari karudi studio

Jumamosi, 3 Juni 2023. Mbeya

Zango imetoka jana. Nimenunua bando la usiku nikaisikiliza yote, spika nimeifunika taulo ili mama watoto asiamke. Albamu ya kwanza ya bendi ya WITCH tangu 1984. Miaka 39! Kati ya vijana waliopiga kwenye santuri zao za mwanzo, miaka ya 1970 kule Zambia, aliyebaki hai ni mwimbaji tu: Emmanuel Chanda, ambaye dunia inamjua kwa jina la Jagari. Jina kalitoa kwa Mick Jagger, akalifanya la kwao.

Niandike nilivyosikia kabla watu hawajaniambia nisikie nini. Gitaa lina ule mkwaruzo wao wa zamani, kama vile spika imepasuka na mwenyewe hataki kuitengeneza. Kinanda kimekaa mahali pake. Drams ni nzito kuliko zile za zamani, zimerekodiwa kwa usafi ambao vijana wale hawakuwahi kuupata. Sauti ya mzee imepungua pumzi, kiburi bado anacho. Besi inapigwa na Mholanzi, Jacco Gardner. Nimeisikiliza kwa wivu wa kikazi na sina la kumlaumu.

Jumatatu, 5 Juni

Kijana wa duka la simu pale Mwanjelwa kaniwekea albamu kwenye fleshi. “Shikamoo mzee. Hawa ni Wanaijeria?” Marahaba mwanangu, Wazambia. Hakuamini. Zambia iko hapo tu, ukipanda daladala mpaka Tunduma unaiona kwa macho, lakini vijana wetu muziki wanaoujua kutoka nje ni wa Lagos na Johannesburg.

Sisi tuliokulia kando ya reli hatukuhitaji kuambiwa. Kaka yangu mkubwa alikuwa mfanyakazi wa reli ya TAZARA, na kila safari ya Kapiri Mposhi alirudi na kitu: sabuni, blanketi, mara nyingine santuri. Humo ndimo nilimowasikia WITCH. Nilikuwa mdogo, sikujua kwamba ule muziki una jina, Zamrock, wala kwamba uliota kwenye miji ya migodi ya shaba kama Kitwe, ambako kijana wa mchimbaji aliweza kumsikia Jimi Hendrix redioni na kesho yake akatafuta gitaa. Uhuru wameupata Oktoba 1964, shaba ina bei, watu wana mishahara. Kisha Rais Kaunda akaagiza redio ipige muziki wa nyumbani asilimia 95. Wazee nadhani walitegemea ngoma za kijijini. Vijana wakaleta magitaa ya umeme yanayounguruma, wakaimba Kibemba, Kinyanja na Kiingereza, wakasema basi huu ndio wa nyumbani.

Hapa kwetu muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam mwaka 1969. Nia za viongozi hazikupishana sana. Ila sisi tulifungiwa mlango, wao waliachiwa nafasi redioni wakaijaza walivyotaka. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu nina hakika Tanzania ilikuwa na akina Jagari wake, waliishia kupiga rithimu ya adabu kwenye hoteli.

Alhamisi, 8 Juni

Mpiga solo wa bendi yetu ya zamani ya hoteli kapiga simu kutoka Iringa. Hata salamu hakumaliza. “Kaka, turudishe bendi.”

Nikamuuliza turudishe nini. Vyombo viliuzwa na mwenye hoteli bila kutuaga. Mwimbaji tumemzika. Mpiga rithimu kaokoka na hataki kusikia habari za baa. Tumebaki mimi, yeye na mpiga drams anayeendesha bajaji Uyole. Akasema nimesahau mtoto wa marehemu, anaimba kwaya, ukifumba macho ni baba yake mtupu. “Tunampa zile nyimbo za mzee. Watu watalia, kaka.”

Ndiyo, watalia, na hapo ndipo ninaposita. Sikumwambia. Nilimwambia asikilize Zango kwanza, akaniuliza kama ni ya kupakua bure.

Jumapili, 18 Juni

Ibada imeisha mapema, mvua hakuna, nimeshinda barazani na daftari.

Swali lililoko kichwani: WITCH hii ni WITCH? Jagari mwenyewe, Patrick Mwondela wa kinanda aliyeingia enzi za disko, na wengine ni Wazungu. Gitaa linapigwa na JJ Whitefield, Mjerumani. Drams ni Nic Mauskoviç, Mholanzi mwingine. Ukiwa mkali utasema hii ni bendi ya Ulaya iliyoazima jina la Kitwe.

Lakini sisi watu wa dansi tukisema hivyo tutakuwa wanafiki. NUTA Jazz ilianzishwa 1964, ikawa Juwata, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma, na sijui kama kuna anayeweza kuhesabu wanamuziki waliopita humo. Mwimbaji wake Gurumo alitoka akaenda kuanzisha Mlimani Park 1978, akatoka tena akaenda Safari Sound, ile Ndekule, akamaliza safari yake Msondo alikotoka. Hakuna aliyeuliza kama Msondo ni ileile. Bendi ilikuwa na mwenye mali, chama au shirika, vyombo vilikuwa vyake, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa kama dereva. Akihama, kiti chake kinakaliwa na mwingine, wiki ijayo kibao kinapigwa kama kawaida.

WITCH haikuwa hivyo. Ilikuwa bendi ya vijana wenyewe, na ilipokufa hapakuwa na shirika la kuifufua. Na ilikufa polepole, vibaya. Bei ya shaba iliporomoka katikati ya miaka ya 1970, nchi ikabanwa na vita vya majirani, Rhodesia, Angola, Msumbiji. Kukawa na amri ya kutotembea usiku, bendi zikalazimika kupiga mchana. Rock mchana! Jua linawaka, watu wana akili zao timamu, wewe unapiga gitaa la kichaa. Jagari aliondoka baada ya albamu ya tano, akawa mwalimu, miaka ya baadaye akachimba vito porini. Waliobaki wakageukia disko mpaka Kuomboka ya 1984. Halafu UKIMWI. Uliwapukutisha wanamuziki wa Zamrock mmoja mmoja, na huku kwetu tunajua kupukutika huko kulivyokuwa. Bendi ngapi zilisimama kwa sababu hakukuwa na mtu wa kushika kipaza?

Aliyeirudisha ni mkusanya santuri. Nalisema bila kinyongo. Wazungu walikuwa wakizinunua zile santuri chakavu kwa pesa ambazo wapigaji hawakuwahi kuziona, kisha kampuni ya Marekani, Now-Again, ikazitoa upya zote mwanzoni mwa miaka ya 2010. Muitaliano Gio Arlotta akaenda Zambia kumtafuta Jagari, akatengeneza filamu juu yake. Gardner na Mauskoviç waliingia kwa njia hiyo: walikuwa mashabiki kabla hawajawa wapigaji. Mwaka 2017 mzee kapanda jukwaa Ulaya, kavuka miaka 60, mbele ya vijana wanaojua maneno ya nyimbo ambazo watoto wa Lusaka hawazijui.

Maonyesho ya namna ile yangetosha kumlisha. Bendi nyingi zinazorudi huishia hapo: unapiga vibao vilevile vya zamani, watu wanapiga picha, unarudi nyumbani. Kuingia studio ni jambo jingine. Jukwaani unalindwa na kumbukumbu za watu. Studio wimbo mpya unaanza bila rafiki hata mmoja. Na hawakurekodi Amsterdam, ambako ingekuwa rahisi. Walikwenda Lusaka, DB Studios, palepale bendi ilipokuwa ikirekodi zamani. Wazungu ndio waliosafiri. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko rangi zao.

Jumanne, 4 Julai

Saba Saba Ijumaa hii, kelele mji mzima. Mimi bado niko na Zango, na sasa nimebaki na nyimbo chache ninazozirudia.

Ule aliomshirikisha Sampa the Great, Avalanche of Love, sikuupenda siku ya kwanza. Niliona kijana anapachikwa ili albamu iuzike. Sasa naona vingine. Sampa kazaliwa Zambia, kakulia Botswana, jina kalipatia Australia, na mmoja wa wazee wa ukoo wake, Groovy Joe Kunda, aliwahi kuwa ndani ya WITCH yenyewe. Kwa hiyo ana haki ya kuingia bila kubisha. Na hakuingia kuigiza mtu wa 1975. Karapu kama mtu wa leo, mzee kaimba pembeni yake kama mzee, na gitaa likawabeba wote wawili.

Lakini wimbo wenyewe ni Waile. Jagari aliutunga miaka ya 1970 na bendi haikuwahi kuurekodi. Umekaa kichwani mwa mtu mmoja miaka yote hiyo, kapita nao darasani, kapita nao machimboni. Anaimba na kina dada, Theresa Ng'ambi na Hanna Tembo, na ukiwasikia hao huwezi kusema tena ni bendi ya Ulaya. Ni wimbo wa zamani usio na rekodi ya zamani. Hakuna santuri ya kuulinganisha nayo, wala marehemu wa kumuiga solo lake. Ujanja huo ndio nauvulia kofia.

Baada ya kuusikia nikaenda kufungua sanduku. Sisi nasi tuna wetu. Marehemu mwimbaji wetu aliutunga mwaka wake wa mwisho, tukaufanyia mazoezi kwa wiki kadhaa, ulikuwa kwenye orodha ya nyimbo za kwenda kurekodi Dar es Salaam na nauli haikupatikana. Maneno yako kwenye karatasi ya hesabu ya hoteli, kwa mwandiko wake, na pembeni kaandika “besi iingie kwa kuchelewa”. Besi ni mimi. Nilikuwa naingia mapema siku zote na alikuwa ananikemea.

Nimempigia mpiga solo. Nimemwambia nitakuja mazoezini kwa sharti moja: tuanze na huo. Kijana aimbe wimbo ambao hakuna aliyemsikia baba yake akiuimba nje ya chumba cha mazoezi. Akanyamaza, kisha akasema, “Sasa huo nani ataujua?” Ndiyo maana, nikamjibu.

Jumamosi, 22 Julai

Mazoezi ya kwanza, kwenye stoo ya mpiga drams, Uyole. Matairi ya bajaji upande mmoja, magunia ya mahindi upande wa pili. Magunia yanasaidia, yanameza mwangwi. Ampli tumekodi kwa watu wa harusi, ina shimo mbele lililobandikwa gundi, na besi ikishuka chini gundi inatetemeka na kutoa sauti ya nyuki. Mpiga solo akataka tuibadilishe. Nikasema iache, kuna watu wanalipa pesa kupata mkwaruzo huo.

Kijana kafika na mkoba wa shule ya sekondari anakofundisha. Kasalimia wote shikamoo, kasoma ile karatasi kimya, halafu kauliza ufunguo gani. Tukabishana: mpiga solo anakumbuka G, mimi nakumbuka A. Kijana akasema G inambana juu, na A inambana zaidi, tushuke F. Baba yake asingekubali F hata kwa bunduki. Tukashuka F.

Na mara moja wimbo ukawa wake. Sauti si ya marehemu hata kidogo, mpiga solo alidanganyika. Ya huyu ni nyembamba, inapanda ghafla kwenye ubeti wa pili mahali ambapo mzee angetua. Mpiga drams alikosea vibaya pale, akacheka, akarudia. Mimi nikangoja mpaka mstari wa nne ndipo nikaingia.

Mpiga solo hakufurahi. Alikuwa na sebene lake la zamani mfukoni, kalichomeka mwishoni, na halikushika kabisa kwenye F. Kalirudia, halikushika. Vidole vyake navyo vina ugumu wake, namjua, hatatunga jingine leo wala kesho. Atanuna wiki nzima halafu ataleta kitu kizuri. Ndivyo alivyokuwa hata zamani.

Ugomvi wa kweli ulikuja kwenye jina. Mpiga drams anataka lile la zamani, kwa sababu wenye harusi wanalijua na atadai bei nzuri. Kijana anasema yeye hawezi kusimama chini ya jina hilo, watu watamwita kwa jina la utani la baba yake. Nimewaeleza habari za Jagari, jinsi alivyoweka jina lilelile na kubadilisha karibu kila kitu kilicho chini yake. Kijana kasikiliza vizuri. Mpiga drams kauliza hao Wazungu wanalipwa na nani.

Hatukuafikiana. Kuna harusi Agosti, baba wa bibi harusi ni mteja wetu wa zamani na anataka vibao viwili anavyovijua. Tumekubali viwili, cha tatu kitakuwa hiki kipya. Mpiga drams anadai pesa ya mafuta kabla ya mazoezi ya Jumanne. Nimemwambia hata Jagari alikwenda kuchimba vito.