Kiraka cha Damu

Dada yangu alijifungua kwa upasuaji Mbeya, na siku ya pili kichwa kikaanza. Akilala chali, kinatulia. Akiinuka kumnyonyesha mtoto, kinamgonga kuanzia kisogoni hadi machoni mpaka anatapika. Siku tano za vidonge, maji mengi na kahawa kali ya Mbozi hazikusaidia kitu.

Daktari wa usingizi alieleza bila haraka. Sindano ya ganzi hupita kwenye utando unaozunguka uti wa mgongo. Tundu lake kwa kawaida hujiziba. La dada halikuziba, na maji ya uti wa mgongo yalikuwa yakivuja. Akapendekeza amtoe damu mkononi, kama mililita 20, na kumdunga mgongoni nje ya utando ule, igande izibe tundu.

Mama alikuwa Iringa. Kumweleza kwa simu ikawa kazi yangu kwa sababu nasoma umahiri. Kwamba ni umahiri wa isimu, hilo halikumhusu mtu. Nikasema, "Ni kiraka cha damu." Mama ni fundi cherehani. Akanyamaza kidogo.

"Kiraka kinashonwa kwa uzi, mwanangu. Hicho kinashikwa na nini?"

Maswali yangu yote kwa daktari hayakufikia hilo. Nilimsimulia mama niliyoyasoma: mwaka 1898 Mjerumani August Bier alijaribu sindano ya mgongo mwilini mwake, akaumwa kichwa hikihiki siku kadhaa, mwaka 1960 Mmarekani Gormley akaandika kwamba damu kidogo tu ilikiponya. Mama alisikia neno moja: sindano nyingine. Mtaani kwetu kila mwanamke anayeumwa mgongo baada ya uzazi huitaja sindano ile, na sina hakika kwamba wote wanaisingizia.

Alipanda basi alfajiri, zaidi ya kilomita 300 kupitia Mafinga na Makambako. Alipofika, dada alikuwa ameshasaini. Alisaini akiwa chali, kalamu ikigoma kutoa wino.

Kwenye mililita 15 hivi dada alilia kwamba mgongo unabanwa, daktari akaacha hapohapo. Baada ya saa mbili aliketi, akamnyonyesha mtoto, akaomba ugali.

Siku ya tatu maumivu yakashuka kutoka kiunoni hadi mguu wa kushoto. Daktari alikuwa ametuonya: mgongo unaweza kuuma kwa siku kadhaa, lakini homa, miguu kulegea au kushindwa kuzuia mkojo ni kurudi hospitali mara moja. Kila jioni nilimwambia asukume kiganja changu kwa unyayo. Alisukuma kwa nguvu, wakati mwingine kwa hasira. Mama alikaa mlangoni akimbeba mtoto, hasemi. Baada ya wiki maumivu yaliisha.

Nilimuuliza dada kama angekubali tena. Tukiwa wawili alisema, "Hata kesho, mdogo wangu." Mama alipoingia na uji, akasema hapana.